KWA MWOGA HUENDA KICHEKO
Kagua maji kabla ya kupiga makachu

Kila jioni, jua linapokaribia kuzama, ukuta wa bahari pale Forodhani hujaa watu. Wauza urojo na mishikaki wanawasha taa, wageni wanatoa kamera, na vijana wa makachu wanaanza kazi yao. Mmoja anakimbia, anaruka, anajipindua hewani, chubwi! Watu wanapiga makofi. Mwengine anajipanga nyuma yake, naye anataka kuruka juu zaidi.

Makala haya hayakuandikwa kukukataza bahari. Sisi ni watu wa visiwani, na mtoto wa kisiwani asiyejua kuogelea yuko hatarini zaidi kuliko anayejua. Tena makachu ni mchezo mzuri: unahitaji nguvu, mazoezi na ustadi. Tunataka kuzungumza juu ya mambo mawili tu ambayo wenye kupiga makofi hawayaoni. La kwanza ni hali ya pale unapoangukia. La pili ni ujasiri wa kusema, "Leo siruki."

TUJIFUNZE KWA WAPANDA FARASI

Pengine utashangaa, lakini mchezo unaoweza kutufundisha jambo hili ni wa farasi. Kuna mashindano ya farasi ya siku tatu ambayo yamo katika Michezo ya Olimpiki tangu 1912, ilipofanyika Stockholm, Sweden. Kwanza farasi huonyesha utii na mwendo wake uwanjani. Halafu hukimbia kilomita kadhaa mashambani, akiruka magogo, mitaro na madimbwi. Mwisho huruka viunzi vya miti ndani ya uwanja.

Siku ya mashambani ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ardhi haina ahadi. Jua likiwa kali wiki nyingi, ardhi hukauka ikawa kama barabara ya lami, na kila farasi anapotua, kishindo hupanda miguuni mwake. Mvua ikizidi, ardhi huwa tope. Farasi anateleza, anachoka haraka, na mishipa ya miguu inavutwa kupita kiasi. Farasi ni yule yule na kiunzi ni kile kile. Kilichobadilika ni ardhi.

Kwa hiyo wapanda farasi wana desturi moja. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja hushuka na kuitembea njia yote kwa miguu yake mwenyewe. Anakanyaga pale farasi atakaporukia na pale atakapotua. Akiona ardhi haifai kwa farasi wake, anawaambia wasimamizi kuwa anajitoa. Huenda amejitayarisha mwaka mzima, huenda hata anaongoza kwa pointi, lakini anajitoa na hakuna anayemzomea. Wenzake wanajua kwamba farasi aliyepumzishwa leo ataweza kushindana siku nyengine, na aliyevunjika mguu pengine hatashindana tena.

Wakati mwengine hujitoa mashindano yenyewe. Kule Badminton, Uingereza, yanafanyika mashindano makubwa ya aina hii tangu 1949. Mwaka 2012 yalifutwa yote kwa sababu mvua ililoanisha ardhi kupita kiasi.

Katika mchezo huo kuna njia tatu za kutoka. Unaweza kujitoa kabla ya kuanza. Unaweza kuanza, ukaona mambo si mazuri, ukasimama katikati. Na ukiwa mkaidi, waamuzi au madaktari wa mifugo wanaweza kukutoa wao. Zikumbuke njia hizi tatu, tutazirudia.

UWANJA UNAOHAMA

Sasa turudi Forodhani. Uwanja wa mpanda farasi hubadilika kwa siku au kwa wiki. Uwanja wako wewe, kijana wa makachu, hubadilika kila saa.

Sote tunajua kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hapa Unguja hufikia mita 4 hivi. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: maji hayapungui kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao rahisi. Gawa tofauti yote kwa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya maji kujaa hushuka fungu 1. Saa ya pili mafungu 2. Saa ya tatu mafungu 3. Saa ya nne mafungu 3 tena. Saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Maana yake ni kwamba mwanzoni bahari hukupa moyo, huoni mabadiliko. Halafu ghafla maji yanakimbia.

Tufanye mfano. Tumchukulie kijana mmoja, tumwite Haji. Ni siku ya bamvua na maji yamejaa saa 10 jioni. Pale anaporukia Haji, tuseme kina cha maji ni mita 3, na kutoka ukingo wa ukuta hadi maji ni mita 2.

• Saa 10 jioni: kina mita 3, kimo cha kuruka mita 2.
• Saa 12 jioni: maji yameshuka mafungu 3, yaani mita 1. Kina ni mita 2, kimo ni mita 3.
• Saa 1 usiku: yameshuka mafungu 6, yaani mita 2. Kina ni mita 1, kimo ni mita 4.

Umeona? Ukuta haukuhama. Haji hakubadilika. Lakini anaanguka kutoka juu maradufu, ndani ya maji yaliyobaki theluthi moja. Na saa hiyo ndiyo giza limeingia, watazamaji ni wengi, na Haji amechoka.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuendelea na hesabu. Mwendo wa kitu kinachoanguka, ukiuzidisha kwa wenyewe, ni sawa na 2 mara mvutano wa dunia mara kimo. Kutoka mita 2, Haji anafika majini kwa mwendo wa kilomita 23 kwa saa hivi. Kutoka mita 3 ni kilomita 28. Kutoka mita 4 ni kilomita 32 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari linalopita mjini. Usingekubali kugongwa nalo kichwani.

KICHWA NDICHO KINACHOFIKA KWANZA

Shingo yako ina pingili 7. Katikati ya pingili hizo umepita ugwe wa neva, laini, usiozidi unene wa kidole. Ndani ya ugwe huo hupita amri zote kutoka ubongoni: sogeza mkono, simama, pumua, zuia haja ndogo. Na hupita taarifa zote za kurudi: hili la moto, hili linauma.

Kichwa kikigonga mchanga mgumu, husimama papo hapo. Lakini kiwiliwili bado kinakuja nyuma yake na uzito wake wote. Kilichobanwa katikati ni shingo. Pingili inaweza kuvunjika na kuuminya ugwe.

Mfupa wa mguu ukivunjika, huunga. Ugwe wa neva ukikatika, haujiungi. Hakuna dawa, wala mkandaji, wala upasuaji unaoweza kuurudisha kama ulivyokuwa. Ukiumia sehemu ya chini ya shingo, unaweza kupoteza miguu na nguvu za mikono, na kushindwa kuzuia haja kubwa na ndogo. Ukiumia juu zaidi, hata kupumua kunaweza kukatika, na mtu akafa hapo hapo majini.

Wapo watu wanaoishi na ulemavu huu, wanasoma, wanafanya kazi na wanalea familia zao. Wanastahili heshima yetu na njia za kupita na viti vyao. Lakini waulize kama wangependa umri wa miaka 17 upitie huko kwa ajili ya mruko mmoja. Duniani kote wanaoumia hivi kwa kujitosa majini wengi wao ni vijana wa kiume, wazima, wenye nguvu na wanaojua kuogelea. Hawakuumia kwa kutojua kuogelea, waliumia kwa kutojua kina.

ITAZAME TAREHE YA MWEZI

Wazee wetu wavuvi hawahitaji kitabu. Wanauliza, "Leo mwezi ngapi?" Nawe unaweza kufanya hivyo kwa kalenda ya Kiislamu iliyopo ukutani kwenu. Kwa upande wa mji wetu, mambo huwa takriban hivi:

• Tarehe 1 na 15, mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hujaa karibu na saa 10 jioni. Ikifika magharibi yanakupwa, na yanakwenda mbio.
• Tarehe 4 na 18: maji hujaa karibu na magharibi yenyewe.
• Tarehe 8 na 22: ni maji mafu. Maji hupwa karibu na saa 10 jioni, na magharibi yanaanza kurudi polepole.
• Tarehe 12 na 26: magharibi maji yamekupwa.

Kila siku wakati husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwandamo na mpevu. Hizi ni hesabu za kukadiria tu. Zinakuambia utarajie nini, hazikuambii kuna mita ngapi. Kwa hiyo usirukie kalenda, kagua.

KAGUA KAMA MPANDA FARASI

1. Pima kina. Nahodha akiingia pahala asipopajua hutia bildi, yaani hushusha kamba yenye uzito. Wewe chukua kamba, funga jiwe, tia alama kila mita. Ishushe pale pale utakapoangukia, si pembeni. Kwa kujitosa kichwa mbele usikubali pungufu ya mita 3, na ukirukia juu zaidi unahitaji zaidi. Kwenye mabwawa ya mashindano, chini ya mnara wa mita 10 huwekwa maji ya mita 5.

2. Ingia kwa miguu kwanza. Shuka kwa ngazi, ogelea hadi pale, zama, papasa chini. Mchanga huhamishwa na mawimbi. Chupa, chuma, kamba ya nanga na jiwe lililoanguka havikuwepo jana, leo vipo.

3. Tazama rangi ya maji. Baada ya mvua za masika au vuli, maji ya mitaro huingia baharini na yakawa ya udongo. Usipoona chini, usiruke. Maji hayo pia hubeba uchafu unaoleta maradhi ya tumbo, masikio na ngozi.

4. Tazama mashua. Za kwenda Changuu na kwengineko hupita hapo hapo. Anayejipindua hewani haoni mashua inayogeuza.

5. Jikague mwenyewe. Umechoka? Una homa? Kichwa kinakuuma tangu mruko uliopita? Umekunywa au umevuta kitu? Mpanda farasi humtembeza farasi wake mbele ya daktari. Wewe ndiye farasi na ndiye mpandaji.

6. Rudia kila nusu saa. Kipimo cha saa 10 si kipimo cha saa 12.

NJIA TATU ZA KUTOKA

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kupima kina ni rahisi. Kuwaambia wenzako kuwa huruki ndiyo kazi. Tunapozungumza na vijana maskulini, wengi wanajua kabisa kuwa maji machache ni hatari. Wanaruka hata hivyo, kwa sababu ya maneno kama haya:

"Yakhe, ruka basi, watu wanangoja!"
"Maji yameshapungua."
"Si Fulani karuka sasa hivi! We muoga nini?"
"Fulani karuka kwa miguu. Mimi nimepima, hayafiki mita mbili. Leo basi, tukutane kesho maji yakijaa."

Mjibu huyu hakugombana, wala hakutoa hotuba. Ametaja kipimo, ametaja siku nyengine, amemaliza. Ukiwa na kipimo mkononi, hubishani juu ya woga tena, mnabishana juu ya mita. Na mita hazina aibu.

Njia ya kwanza, basi, ni kujitoa kabla. Amua ukiwa chini, kabla hujapanda ukutani na kabla hujasikia makofi. Wekeni kanuni kama kundi: maji yakifika alama fulani ya ukuta, mchezo umekwisha kwa wote. Hapo hakuna anayejitoa peke yake.

Njia ya pili ni kusimama katikati. Umeshapanda, umeshapunga mkono, mgeni ameshainua kamera na pengine ameshatoa noti. Bado unaweza kushuka. Ukishindwa kushuka, ruka kwa miguu, magoti yakiwa yamelegea kidogo, usijipindue. Huko nako unaweza kuvunjika mguu au kuumia mgongo maji yakiwa machache, kwa hiyo kushuka ni bora.

Njia ya tatu ni kutolewa na wenzako. Makachu haina waamuzi wala daktari anayesimama ukutani, kwa hiyo wewe ni mwamuzi wa mwenzako. Ukimwona mdogo wako anaiga mruko asiouweza, mshike mkono. Na wewe unayetazama, kaka au dada, makofi yako ni mafuta ya moto huo. Siku maji yakiwa machache, usipige makofi. Ondokeni mkale urojo.

MWENZAKO AKIUMIA

Hata kwa uangalifu, ajali hutokea. Mtu akigonga chini, fanya hivi:

• Usijitose kichwa mbele kumfuata. Ingia polepole. Mmoja akaite watu wazima na gari.
• Akiwa kifudifudi majini, mgeuze uso uje juu, huku kichwa, shingo na mgongo vikibaki mstari mmoja. Usimvute kwa kichwa.
• Akiwa anapumua, mwacheni aelee, mmoja ameshika kichwa kisitikisike, mpaka upatikane ubao wa kumlaza. Mlango wa mbao pia unafaa.
• Akiwa hapumui, usisubiri ubao. Mtoeni haraka mkijitahidi kutokunja shingo, na ampulizie pumzi yule anayejua. Pumzi kwanza.
• Usimkalishe, usimnyooshe shingo, usimkande. Kukandwa kunaweza kuuharibu ugwe uliokuwa umesalimika.
• Shingo ikimuuma, au akihisi ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, apelekwe hospitali hata kama ametoka majini akitembea. Pingili iliyovunjika inaweza kuteguka baadaye. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na Forodhani. Waelezeni kuwa alijitosa na akagonga chini.

JIPIME

1. Jana saa 11 jioni uliruka salama. Leo saa 11 unaweza kuruka bila kupima?
2. Ni tarehe 12 ya mwezi wa Kiislamu. Rafiki yako anakualika kuruka magharibi. Utatarajia nini?
3. Mwenzako amegonga chini, ametoka anacheka, lakini anasema vidole vinamfa ganzi. Utamwambia akalale?

Majibu: (1) Hapana. Wakati wa maji umesogea, na chini kunaweza kuwa kumebadilika. (2) Maji yamekupwa. Mwambie mtafute saa nyengine. (3) Hapana. Aache kutembea tembea, alazwe bapa shingo isitikisike, apelekwe hospitali mara moja.

Wazee walisema: kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Ukijitoa leo, watakucheka mpaka wamalize mishikaki yao. Kesho maji yatajaa tena, na wewe utakuwepo.